Gari la Mashine Mbili Lataka Fundi Mwenye Elimu

Wazee wetu wanakumbuka jinsi bei ya mafuta ilivyopanda ghafula mwaka 1973, na jinsi baadaye magari binafsi yalivyokatazwa kutembea Jumapili alasiri. Vijana nao wana kumbukumbu yao: mwaka 2022 bei ilipanda tena, hata Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia mwezi wa Juni.

Si ajabu, basi, kwamba wananchi wameanza kununua magari ya haibridi yaliyokwisha tumika Japani, yaani yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Mwandishi wa makala hii ni mmoja wao. Familia yetu husafiri kwa Fielder ya haibridi, aina iliyotoka mwaka 2013, baina ya Njombe na Manda, kando ya Ziwa Nyasa.

Kwanza tulipe gari hili haki yake. Halihitaji kuchomekwa kwenye umeme wa nyumbani. Dereva akanyagapo breki, au ateremkapo mlima, mota hugeuka jenereta na kuirudishia betri nguvu ambayo katika gari la kawaida hupotea bure. Katika msongamano wa Makambako injini hujizima, gari likasogea kwa umeme kimya kimya. Katika kupanda mlima mrefu, hata hivyo, petroli ndiyo ifanyayo kazi kubwa. Mtu asitarajie maajabu.

Njombe iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ziwa halifiki mita 500. Katika mteremko mrefu betri huweza kujaa kabla ya kufika chini, na ikishajaa haipokei zaidi. Dereva asiyejua huzitegemea breki za magurudumu peke yake mpaka zikashika moto. Ajuaye huweka gia kwenye alama ya B, injini ikalizuia gari.

Lakini kizuri hakikosi ila. Siku moja taa ya onyo iliwaka. Fundi wa kwanza, bila kufungua kitu, alitamka kwamba betri kubwa imekufa; bei aliyoitaja ingalitosha ada za watoto wetu. Fundi wa pili, kijana mpole, aliuliza swali moja tu: "Mzee, gari hili linapita njia ya vumbi?" Zege lililomwagwa kati ya Lusitu na Mawengi limepunguza vumbi, halijalimaliza. Kijana alifungua tundu la hewa lililo karibu na kiti cha nyuma: feni ya kupozea betri ilikuwa imejaa vumbi, na mfuko wetu wa dagaa umeliziba tundu lenyewe. Akasafisha, taa ikazimika, na gari linatembea hadi leo.

Tofauti ya mafundi wale wawili si vifaa, ni elimu. Tena ujinga hapa haupotezi fedha tu. Nyaya za rangi ya chungwa katika gari hili hubeba umeme wa zaidi ya volti 100, wenye kuweza kuua. Ni wajibu, basi, vyuo vya ufundi na VETA viwafikie mafundi wa gereji ndogo za wilayani, na mnunuzi naye, kabla ya kulipia gari, aulize kwanza nani atalitengeneza. Vyaelea, vimeundwa.