Kwa Nini Timu Ndogo Kali za Basketboli Marekani Hukosa Wa Kucheza Nao

Unadhani kazi ngumu ya kocha wa basketboli ya chuo Marekani ni kufundisha vijana kufunga? Zii. Uliza kocha wa chuo kidogo, atakwambia noma iko kwa simu, akitafuta nani atakubali kucheza na yeye.

Iko hivi. Timu ya daraja la kwanza la NCAA hucheza mechi kama 30 kwa msimu. Mechi 18 ama 20 hivi hupangwa na ligi yake. Hizo zingine, kocha na wasaidizi wake ndio hujitafutia. Ni kupiga simu, kubembeleza, kisha kusaini mkataba.

Wazito wako na doo, so wao hununua mechi. Wanakulipa uende kwao, wakuchape mbele ya mafans wao, urudi home na cheki. Kuja kwenu wewe sahau. Lakini ganji hiyo inasaidia kuendesha michezo ya chuo, so unaenda tu.

Saa zingine mambo hugeuka. Novemba 2019, Kentucky, wakiwa namba moja Marekani, walilipa Evansville dola 90,000 waje wachapwe. Hiyo ni zaidi ya milioni 11 za Kenya kwa dola ya siku hizi. Evansville wakashinda 67-64 na doo wakabeba! Kocha wao, Walter McCarty, alikuwa mchezaji wa Kentucky hiyo hiyo. Wiki mbili baadaye Duke, pia wakiwa namba moja, wakapigwa kwao 85-83 na Stephen F. Austin.

Na Evansville hawakuwa moto hivyo. Msimu huo walipoteza mechi zote 18 za ligi yao.

Sasa fikiria wewe ndio kocha wa chuo kikubwa. Ukishinda timu ndogo, hakuna atakupigia makofi. Ukipoteza, utachekwa mwaka mzima. Kocha wa timu ndogo yenye imeiva akikupigia, utashika? Utasema ratiba imejaa, kisha utafute dhaifu.

Hapo ndio shida inaanzia. Tangu 2018, NCAA hupima timu kwa hesabu inaitwa NET. Ushindi wa kiwango cha juu kabisa ni kuchapa timu ya 30 bora ukiwa nyumbani, ama ya 75 bora ukiwa ugenini. Wazito wako kwa ligi zimejaa timu kama hizo, so nafasi wanapata karibu kila wiki. Mdogo lazima azitafute nje, na huko nje simu hazishikwi.

Cheki Indiana State, wa ligi moja na Evansville. 2024 walishinda mechi 28, wakapoteza 6 tu, na NET iliwaweka ndani ya 30 bora. Lakini fainali ya ligi wakalimwa na Drake 84-80. Wangeshinda, wangeingia March Madness moja kwa moja. Zikaitwa timu 68, wao wakaachwa. Wakaenda NIT, shindano la waliobaki nje, wakafika fainali na kupoteza kwa pointi mbili pekee.

So Machi ikifika, ukisikia timu ndogo imeachwa juu "haikucheza na wakubwa", usimeze hiyo risto haraka. Uliza kwanza ni wakubwa wangapi walipigiwa simu wakahepa.