Kwa Nini Oili Huadimika Wakati wa Kulima?

Sisi wa Ziwa tunaijua kalenda yetu. Februari na Machi matrekta hunguruma usiku na mchana, na kuanzia Oktoba ni zamu ya kombaini na malori ya mavuno. Injini zote hizo zataka oili, na zaitaka wakati mmoja.

Hebu tupige hesabu (mwalimu wa hisabati atanisamehe). Matrekta mengi hubadilishwa oili kila baada ya saa 250 za kazi. Trekta likilima saa 12 kwa siku, saa hizo huisha kwa wiki tatu tu! Trekta la kawaida humeza lita saba au nane, kwa hivyo pipa moja la lita 208 halitoshi hata matrekta 30. Na bado hatujahesabu boda boda, matatu na mashine za posho.

Sasa oili yenyewe yatoka wapi? Utasikia mtu akisema, "Si inakuja na bomba kama dizeli?" La hasha! Bomba lililofika Eldoret mwaka wa 1994 hubeba petroli, dizeli, mafuta ya taa na ya ndege. Oili haipiti humo. Mafuta yake ya msingi huja Mombasa kwa meli, yakachanganywa na dawa za kuzuia kutu, povu na masizi, kisha yakatiwa kwenye mapipa na mikebe. Nyingine huletwa ikiwa tayari. Kutoka hapo ni lori, karibu kilomita 800 hadi Eldoret, katika njia ile ile ya kwenda Malaba na Kampala. Uganda haina bahari, basi wao nao wanaingojea bandari hiyo hiyo.

Mwenye duka mdogo naye huagiza kidogo kidogo, maana hawezi kulaza pesa kwenye rafu mwaka mzima. Wakija wakulima kumi wiki moja, rafu ni tupu. Tena bei ya dizeli hutangazwa na EPRA kila mwezi na haifai kupitishwa, lakini oili haimo katika tangazo hilo. Mwenye duka hupanga mwenyewe.

Hapo ndipo hatari huingia. Kuna wanaoendelea kulima na oili iliyokuwa nyeusi tititi. Wengine hununua ya bei rahisi, kumbe ni oili kuukuu iliyochujwa na kurudishwa mkebeni. Injini ikishika katikati ya Machi, mvua haimngoji fundi, na anayeumia si mwenye trekta peke yake bali pia yule mama aliyekwisha lipa kulimiwa ekari yake moja.

Kwa maoni yangu, wenye matrekta wangechanga Januari, wakanunua pipa zima kabla ya msongamano. Wanaonunua mikebe watazame kwanza kama kifuniko kimewahi kufunguliwa. Na mkebe ukiisha, utobolewe kabla ya kutupwa, kwa maana huo mtupu ndio wauza bandia wanautafuta.