PETE, CHIPUKIZI NA KIFUA: LUGHA YA SITI SKANI KATIKA UTAMBUZI WA MARADHI YA MIRIJA YA HEWA

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi, kilio humfichua. Hata hivyo, katika Kaunti ya Taita Taveta, maradhi ya mirija ya hewa aghalabu hayafichwi na mgonjwa bali hufichwa na neno. Mchimba vito wa Kasighau, mfanyakazi wa shamba la mkonge la Mwatate na mama apikaye kwa kuni milimani Wundanyi wanaweza kufika hospitalini Voi na wote wakamwambia tabibu: "Nina kifua." Neno hilo ni jina la kiungo na la ugonjwa kwa wakati mmoja. Likiongezewa kivumishi, huwa kifua kikuu, na hofu huanzia hapo. Makala haya yanafafanua jinsi siti skani inavyoyatenganisha maradhi yanayokusanywa na neno hilo moja, na yanadai kuwa kazi hiyo haijakamilika mpaka majibu yamrudie mgonjwa kwa lugha anayoielewa.

Chanzo cha kikohozi

Tangu miaka ya mapema ya 1970, eneo hili limejulikana kwa tsavoriti, kito cha kijani kilichopewa jina la Tsavo. Kuchimba mwamba huzua vumbi la silika, ambalo huyatia mapafu makovu na kumweka mchimbaji katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Vumbi la mkonge nalo hutimka hasa nyuzi zilizokauka zinaposuguliwa na kufungwa marobota. Moshi wa kuni huichosha mirija ya hewa mwaka baada ya mwaka. Kifua kikuu chenyewe, hata kikishapona, huweza kuacha makovu yanayoivuta mirija na kuipanua.

Siti skani ni nini?

Eksirei ya kawaida, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, hulaza mbavu, moyo na mapafu juu ya bapa moja. Mhandisi Godfrey Hounsfield alilitatua tatizo hilo: tarehe 1 Oktoba 1971, mgonjwa wa kwanza alipigwa siti skani katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Mwaka 1979 alituzwa Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Mtambo huu humzungushia mgonjwa miale huku akizuia pumzi kwa sekunde chache, kisha tarakilishi hukokotoa picha za vipande vyembamba, mithili ya mkate uliokatwa. Katika kipimo chake, maji ni 0 na hewa ni -1000. Ndiyo maana hewa huonekana nyeusi.

Istiari za madaktari

Msomi wa fasihi atastaajabu kuona kwamba madaktari huisoma picha hii kwa istiari. Katika pafu lenye afya, mrija wa hewa hukaribiana kwa upana na mshipa wa damu ulio kando yake. Mrija ukipanuka kuliko mshipa, wawili hao hufanana na pete yenye kito, nao madaktari huiita pete ya muhuri. Hiyo ni dalili ya bronkiektasisi. Vijirija vikijaa usaha au makohozi, huonekana kama tawi lenye machipukizi. Chipukizi hilo laweza kuwa kifua kikuu kinachoendelea au maambukizi mengine, kwa hiyo makohozi hayana budi kupimwa. Mabaka meusi yanayobaki mgonjwa anapotoa pumzi huonyesha hewa iliyonaswa, kama inavyotokea katika pumu. Matundu yasiyo na kuta huashiria vifuko vya hewa vilivyobomoka, hasa kwa wavutaji wa tumbaku.

Mipaka yake

Si kila kikohozi kinachohitaji siti skani. Pumu hutambuliwa kwanza kwa maelezo ya mgonjwa na kwa spiromita, chombo cha kupima nguvu za pumzi; kifua kikuu hutambuliwa kwa kupima makohozi. Isitoshe, miale ya siti skani ni mara nyingi zaidi ya ile ya eksirei ya kawaida, na gharama yake si ndogo.

Hitimisho

Mchimbaji aliyewahi kutibiwa kifua kikuu akiambiwa ana "bronkiektasisi", hajaambiwa kitu. Akirudi nyumbani akiwa bado na "kifua" chake, huenda akatengewa kikombe na sahani kwa ugonjwa ambao pengine hanao tena. Akiambiwa kuwa mirija yake imepanuka, ndiyo maana makohozi hutuama humo na lazima ajifunze kuyatoa kila siku, ataelewa maradhi yake na sababu ya tiba. Huko nyumbani huenda akayaeleza tena kwa Kidawida, na atawezaje kuyaeleza asiyoyaelewa? Kuunda istilahi za aina hii ni jukumu la wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wakishirikiana na matabibu. Mtambo umeshaona pete. Ni juu ya lugha kumwonyesha mwenye kidole.