SALFA YA MIKOROSHO NA HALI YA UDONGO: NACHINGWEA NA RUANGWA

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaelezwa yafuatayo kuhusu salfa na udongo. Mfano wetu unatoka Nachingwea na Ruangwa, Mkoa wa Lindi, ambako korosho ni riziki ya nyumba nyingi. Lakini mwenye shamba la mchanga hapa Visiwani naye yamhusu.

Mavuno ya korosho nchini yalizidi tani 140,000 msimu wa 1973/74, yakashuka chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Sababu zilikuwa kadhaa, mojawapo ikiwa maradhi ya ubwiri unga, ambayo ni aina ya ukungu unaounguza maua. Dawa iliyopatikana ni unga wa salfa, na hapana shaka uliwafaa wakulima.

Lakini unga huo hauishii majani. Profesa Amos Majule, mtaalamu wa udongo na mabadiliko ya tabianchi aliyetumikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 1997 utafiti juu ya athari za salfa katika mashamba ya Kusini. Salfa hupulizwa kiangazi, ikaanguka chini. Ardhi ipatapo unyevu, bakteria huigeuza kuwa tindikali. Tindikali hiyo hung'oa chokaa na magnesi, mvua ikavipeleka chini kusikofikiwa na mizizi. Mzunguko wa rutuba, yaani jani kuanguka, kuoza na kurudi mtini, hukatika hapo. Mvua zikija kwa vishindo, kama tunavyozidi kuonywa, upotevu nao huzidi. Udongo wa mfinyanzi wenye mboji hustahimili zaidi kuliko mchanga.

Kwa hesabu ya kemia, kilo 1 ya salfa ikigeuka yote huhitaji takriban kilo 3 za chokaa ya mawe iliyosagwa ili kuizimua. Mzigo huo si mwepesi kwa mkulima, wala haifai kumwambia aache salfa akose korosho. Linalowezekana ni kupuliza kwa kipimo, kuyaacha majani yaoze shambani badala ya kuyachoma, na kupimisha udongo kabla ya kununua chokaa.

Ieleweke pia kwamba muhogo huvumilia uchachu, na kwa hiyo huficha ubaya. Mahindi yaliyopandwa baina ya mikorosho ndiyo hudhihirisha mapema.