Trekta bila mizani ya haki halimkomboi mkulima

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Methali hii inamfaa kila mkulima anayefikiria kukopa ili anunue trekta, na inawafaa zaidi wale wanaopanga mipango ya uchumi wa taifa.

Mwaka 1960 mchumi wa Marekani, Walt Rostow, alitoa kitabu kinachoeleza kuwa kila taifa hupitia hatua tano za kukua. Huanza na jamii ya jadi, kikafuata kipindi cha maandalizi, kisha uchumi hupaa kama ndege, hukomaa, na hatimaye wananchi wengi humudu kununua bidhaa za viwandani. Nadharia hii ilipendwa kwa kuwa ilitoa matumaini kwa nchi changa. Dosari yake ni kwamba iliwafanya wataalamu wengi wamwone mkulima wa jadi kuwa ndiye kikwazo, na mtaji na mashine kutoka nje kuwa ndiyo dawa.

Hapa Tanzania dawa hiyo ilikuwa imekwisha kujaribiwa. Mwaka 1947 Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianzisha mradi wa karanga Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Uchunguzi wa awali ulichukua wiki chache tu, sehemu yake ukifanywa kwa ndege. Yaliletwa matrekta mengi, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Vichaka na mizizi vilivunja majembe, udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua ikakosekana. Mradi ulipofutwa mwaka 1951, pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea. Wagogo, ambao kwa vizazi vingi wamelima mtama na uwele na kufuga ng'ombe, waliijua mvua ya kwao kuliko ndege yoyote.

Hata hivyo somo halikueleweka. Mwaka 1961 Benki ya Dunia ilishauri njia mbili: kuboresha kilimo cha wananchi pale walipo, au kukigeuza kabisa kwa kuwahamishia wakulima kwenye makazi mapya. Baada ya Uhuru njia ya pili ilipewa uzito. Vijiji maalumu vilianzishwa kwa mikopo na matrekta, lakini gharama zilizidi mapato na wakazi wakazoea kuisubiri serikali. Ilipofika 1966 mpango huo ulisimamishwa.

Wakati huohuo, Usukumani uzalishaji wa pamba uliongezeka mara kadhaa kati ya miaka ya 1950 na katikati ya miaka ya 1960. Wakulima hao hawakupewa kijiji cha mfano. Wengi walitumia jembe la mkono na plau la ng'ombe. Kilichowasukuma kupanua mashamba ni mizani. Walikuwa wakilalamika kwamba wanunuzi wanawapunja kwenye kupima, wakaunda vyama vyao vya ushirika, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao. Baadaye ushirika huo ulimiliki hata viwanda vya kuchambua pamba. Mkulima alipokuwa na hakika ya malipo yake, hakuhitaji kuhimizwa.

Simaanishi kuwa trekta halifai. Hakuna nchi iliyoendelea kwa jembe la mkono peke yake. Lakini mashine inapaswa kufuata soko, maarifa na mtaji wa mkulima mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, kabla hujaweka hati ya shamba rehani, jiulize: Je, udongo na mvua ya kwetu vinairuhusu mashine hii? Vipuri na fundi vinapatikana umbali gani? Nani atanunua mavuno ya ziada, kwa bei gani, na mizani itashikwa na nani?

Kama swali la mwisho halina jibu, anza na hilo. Mkutaneni, mnunue mizani yenu. Trekta litafuata.