Gari ya zamani "imetengenezwa upya": maswali ya kuuliza mbele ya kutoa dola

Wandugu, kwa matangazo ya gari kuna maneno mawili yanayopandisha bei haraka: "imetengenezwa upya" na "imeongezewa nguvu". Hapa Goma tunayakuta kwa Toyota zilizotoka Japani. Kule Uingereza wanayakuta kwa gari za wazee wao, kama Ford Cortina. Nimechagua Cortina juu historia yake inaonyesha wazi kitu ambacho muuzaji hapendi kusema: ukigusa kipande kimoja cha gari, umegusa na jirani yake.

Cortina ilitoka mwaka 1962, kwa kiwanda cha Ford cha Dagenham, upande wa London. Ilikuwa gari ya familia tu, ya kupeleka watoto masomoni na mama sokoni. Bodi nyepesi, motere ndogo ya 1,198 cc, na nyuma inabebwa na resori za lame, zile vyuma bapa vinavyopangwa kimoja juu ya kingine.

Mwaka 1963, kampuni ya Lotus ya Colin Chapman ikaibadilisha. Waliweka motere ya 1,558 cc yenye nguvu za farasi 105, milango na kapo za aluminiamu, na nyuma wakatoa zile lame, wakaweka resori za kuzunguka pamoja na chuma cha kushikilia diferensieli. Kwa barabara laini, gari ilikimbia sana. Lakini kile chuma kilisukuma kasha ya diferensieli mpaka mafuta ikaanza kuvuja, na mafuta ikalainisha raba zake. Mwaka 1965 wakarudisha lame. Na hao walikuwa mainjinia wa magari ya mashindano, si fundi wa chini ya mti.

Sasa tuangalie huku kwetu. Mwaka 1964, East African Safari ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa matope na mawe. Aliyeshinda ni Peter Hughes na mwenzake Billy Young, ndani ya Cortina GT. Hiyo GT nayo ilikuwa imeongezewa nguvu: motere ya karibu 1,500 cc. Lakini Ford waliiongezea pia freni za diski mbele, na nyuma wakaacha lame za kawaida. Nguvu ilipanda pamoja na kitu cha kuizuia.

Sisi ba-agronome tunajua hiyo kwa greffage ya avoka. Unaweza kuleta kijiti cha aina nzuri kabisa, lakini kama hakipatani na shina, mti hautakupa kitu. Gari ni vile vile.

Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili. Kurudisha ni kuifanya gari iwe vile ilitoka kiwandani: kukata chuma kilichooza, kuchomelea kipya, kufunga vipande vya aina yake. Kubadilisha ni kuweka kitu ambacho haikuzaliwa nacho. Cortina nyingi zinazouzwa leo zimefanyiwa yote mawili: bodi imerudishwa, halafu ndani wameweka motere ya lita 2 na gia tano. Si kosa. Lakini uliza: na freni je? Na resori? Na shafti inayopeleka nguvu nyuma? Kama jibu ni "hizo ziko sawa tu", bei inapaswa kushuka.

Swali lingine ni la karatasi. Kuna Cortina za kawaida zilizopakwa rangi nyeupe na mstari wa kijani, zikafanana na Lotus, na kuna watu wanaziuza kwa bei ya Lotus. Rangi haisemi ukweli. Namba ya shasi njo inasema. Hata hapa, namba iliyopigwa kwenye chuma ilingane na ile ya karte roze, na kama motere ilibadilishwa, muuzaji aonyeshe karatasi ya ile mpya. Bila hivyo, siku utakaposimamishwa barabarani utajieleza peke yako.

Kwa Goma, ongeza mambo mawili. La kwanza ni volani. Gari nyingi zinakuja na volani kuume, na kuna mafundi wanaoihamisha kushoto. Ukifanya hivyo umegusa pedali ya freni, mabomba yake na vyuma vinavyogeuza magurudumu. Angalia chini kama mabomba ni mapya na yamefungwa vizuri, halafu ijaribu kwa mteremko, ikiwa mtupu na ikiwa na watu wanne.

La pili ni kutu. Gesi ya Nyiragongo na Nyamulagira ikikutana na mvua inakuwa asidi. Tunaona vile inachoma majani ya maharage na kula mabati ya nyumba, na chuma ya gari haina dawa tofauti. Rangi mpya inaweza kufunika mastiki, na mastiki inafunika tundu. Beba sumaku ndogo, ipitishe chini ya milango na juu ya magurudumu. Pale ambapo haishiki, jua chini yake hakuna chuma karibu.

Wengi kati yetu tunanunua gari ya kwanza kwa pesa ya AVEC au ya likelemba, tukiwaza kuifanyisha taksi ili kazi ya diplome ije baadaye. Hiyo pesa ni ya watu kumi na tano, na abiria wanaoshuka kutoka Kibumba hawajui kama freni zako zinalingana na motere. Mlipe fundi ambaye si wa muuzaji, alale chini ya gari nusu saa. Muuzaji akikataa, rudi nyumbani na dola zako.