Utangulizi: Kumsoma Jaji wa Rufani

Mtu wa Mkalama aliyeshindwa kesi ya ng'ombe katika Mahakama ya Mwanzo anamjua hakimu wake. Anaijua sauti yake, na kama wazee washauri walikaa kando ya hakimu, huenda wakawa majirani wa shangazi yake. Akikata rufaa wilayani, kisha Mahakama Kuu, ambayo kwa watu wa Singida ilimaanisha kwa miaka mingi safari ya Dodoma, kila ngazi sura zinapungua na karatasi zinaongezeka. Akifika Mahakama ya Rufani, tena kama Mahakama Kuu imethibitisha kuwa ipo hoja ya kisheria ya kupeleka huko, shauri lake limekwisha kuwa bunda la kumbukumbu mbele ya majaji watatu. Hao hawatamwona shahidi hata mmoja akitokwa jasho.

Ni akina nani hao? Swali hilo ndilo mlango wa taaluma ninayokukaribisha: wasifu wa majaji. Kwetu bado ni shamba jipya. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianza mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na mahakama yake ya rufani kufa nayo. Umri wake ni wa mtu ambaye bado analima alizeti yake mwenyewe.

Nitakuonyesha njia kwa mtu mmoja. Augustino Ramadhani alizaliwa Zanzibar mwaka 1945, akasoma Mpwapwa na Tabora. Alihitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1970, akaingia jeshini na kufikia cheo cha brigedia. Alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, kisha Jaji wa Rufani tangu 1989, na Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010, alipotimiza miaka 65 ambayo Katiba inamtaka Jaji wa Rufani astaafu. Nje ya mahakama alipiga kinanda kanisani. Baada ya kustaafu akawa kasisi wa Kanisa Anglikana.

Hapa wanafunzi wengi huteleza. Husikia habari ya kinanda, wakakimbilia kusema hukumu zake zina mizani ya muziki. Sikubali. Mambo ya nje yanatupa swali tu. Jibu sharti litafutwe ndani ya hukumu. Swali langu mimi ni hili: mtu aliyeishi chini ya amri ya jeshi na taratibu za ibada, aliuonaje mpaka wa madaraka yake mwenyewe?

Mwaka 1995 alikuwa mmoja wa majaji watatu wa rufaa ya Mbushuu, iliyohusu adhabu ya kifo. Mahakama ilikiri kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha utu, lakini ikasema Katiba yenyewe inairuhusu kwa manufaa ya jamii. Miaka 15 baadaye likaja suala la mgombea binafsi, yaani asiyedhaminiwa na chama. Mchungaji Mtikila alikuwa amelifungua Mahakama Kuu Dodoma, ile ile ya watu wa Singida, na mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akampa haki. Bunge likabadili Katiba kuzuia hilo, Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena Mahakama Kuu. Mwezi Juni 2010 jopo la majaji saba likiongozwa na Ramadhani likasema jambo hilo ni la Bunge. Mara mbili, basi, tunakuta mkono ule ule unaofika ukingoni na kusimama. Mtikila alipoishinda Tanzania katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka 2013, Ramadhani alikuwa jaji huko, lakini kwa kuwa ni Mtanzania hakusikiliza shauri hilo.

Mimi naamini Lugakingira alikuwa sahihi. Lakini siwezi kumsoma Ramadhani bila kuheshimu uthabiti wake, na ndiyo maana wasifu unahitajika: unakufundisha kumwelewa mtu usiyekubaliana naye.

Kuna gumu zaidi. Katiba inamkataza jaji kujiunga na chama cha siasa. Anabaki na kura yake tu. Mwaka 2015, akiwa Rais wa mahakama ile ya Afrika, Ramadhani aliomba kuteuliwa na CCM kugombea urais. Je, mapenzi hayo ya siasa yalizaliwa baada ya kustaafu, au yalikuwepo yakingoja? Usilijibu haraka.

Kizuizi kikubwa kwa msomaji wetu kimekuwa lugha, kwa kuwa hukumu za mahakama za juu zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Jaji Zephrine Galeba, aliyekuwa ameandika hukumu kwa Kiswahili akiwa Musoma, alipandishwa kuwa Jaji wa Rufani, na mwaka huo huo sheria ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Hukumu nyingi zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Anza na ile ya Mtikila ya 1994, kisha ya 2010, uzisome siku moja. Majina ya majaji yako mwanzoni kabisa, mahali ambapo wasomaji wengi huparuka.